Alipoombwa Asimame

Watu wa Kituntu waliitambua Starlet ya Projest kabla hawajaiona. Ikiacha barabara ya lami na kuanza kupanda kilima cha kanisa, kwanza ulisikia mluzi mwembamba, kama mtu anapuliza mdomo wa chupa. Halafu ukaja mngurumo wa eksozi. Halafu dereva alipoachia mafuta ili abadili gia, "pshiii!", na kuku wote wa kando ya njia wakaruka. Watoto waliliita gari hilo Pshii. Watu wazima waliliita upuuzi, ila nao walisimama kulitazama likipita.

Kwa asiyejua, kilikuwa kigari tu. Starlet Glanza, rangi ya fedha, mlango mmoja kila upande na mmoja wa nyuma wa kupakilia mizigo, injini ya lita moja nukta tatu ambayo wenye magari makubwa huicheka. Siri yake ilikuwa tabo, kile kipuliza cha kuisukumia injini hewa. Juu ya boneti palikuwa na tundu pana la kumezea upepo, na ndani, karibu na usukani, kitufe kidogo: ukikiacha chini, tabo ilipuliza kwa adabu, ukikiweka juu, ilipuliza yote iliyokuwa nayo. Mizunguko ya injini ikiwa chini ya elfu tatu, ilikuwa Starlet kama Starlet nyingine zinazobeba walimu na mikungu ya ndizi. Ukikanyaga zaidi, gari lilisita kidogo, kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kujitwisha gunia, kisha likakubamiza kwenye kiti, usukani ukavuta kulia, ukavuta kushoto, na mikaratusi ya kandokando ikageuka ukuta mmoja. Uzito wake haukufika tani. Kwenye vilima vya Karagwe, magari yenye injini mara mbili ya hiyo yalibaki nyuma yakitafuta gia.

Projest alikuwa fundi umeme wa magari pale Kayanga, mwenye miaka ishirini na tisa. Gari hilo alilikuta Mwanza nyuma ya gereji, tabo imekufa na panya wamezaa ndani ya viti. Alikaa nalo mwaka mmoja na nusu, jioni baada ya jioni, mpaka likaamka. Akalifungia viti vigumu vya kukumbatia mbavu. Akakata springi kwa mkono wake mwenyewe ili lilale chini, kwa sababu gari la mbio, alisema, halisimami kama mbuzi. Fundi mmoja mzee alimwonya kwamba kwenye barabara zetu atavunja migongo ya watu. Projest alijibu kwamba yeye habebi watu.

Lakini Jumamosi moja ya mwezi wa sita, kahawa ikiwa imeanikwa kwenye mikeka kila ua, alibeba watu wawili. Alimbeba baba yake, Mzee Yusto, na shangazi yake, Kokushubira. Walikuwa wanakwenda Isingiro, wilaya ya Kyerwa, kwenye mazungumzo ya mahari kwa Mzee Theoneste, ambaye binti yake, Uwitonze, alikuwa mchumba wa Projest.

Mzee Yusto alikuwa na miaka sabini na moja, mzee wa kanisa la Kilutheri, mtu ambaye watu walimwita akawasemee shughuli zao kwa kuwa maneno yake yalikuwa machache na kila moja lilikaa mahali pake. Mkewe alikuwa amefariki miaka minne nyuma. Asubuhi hiyo alivaa suti yake ya rangi ya majivu, ile ya Krismasi na misiba mikubwa, na tai ya kahawia. Alilizunguka gari mara moja, akainama, akacheka kidogo.

"Sasa humu naingiaje, Projest?"

"Tanguliza makalio, Tata. Halafu miguu."

"Na kutoka?"

"Nitakuvuta."

Kokushubira ndiye aliyeingia kwanza, kwa kuwa wa nyuma hakuwa na mlango wake. Ilibidi kiti cha mbele kilazwe apenye kwa ubavu, akilalamika, kisha apokee kibuyu cha rubisi, ile pombe ya ndizi aliyokuwa ameitayarisha kwa siku tatu. Alikibana katikati ya magoti, mdomo wake umezibwa kwa jani la mgomba. Ndipo Mzee Yusto naye akaketi mbele. Kiti kikammeza mpaka mabegani.

Kuna jambo Projest hakuwaambia. Siku mbili kabla, pale Omurushaka, Hategekimana, rafiki yake anayeendesha teksi, alikuwa amemcheka mbele ya watu. "Kigari chako ni kelele tu," alisema. "Kwenye changarawe utafika Isingiro mimi nimeshakula, nimeoga, nimelala." Projest akaapa kwamba atatoka Kituntu mpaka Isingiro kwa saa moja na robo, safari ambayo teksi hula karibu saa mbili. Akifika tu atatuma picha ya saa. Watu wote pale waliona jambo hilo ni kubwa, na yeye akaliona kubwa kuliko walivyoliona.

Kwenye lami alikuwa na furaha ambayo hakuijua tangu utoto. Baba yake alikuwa hajawahi kupanda gari hilo. Projest alikanyaga, tabo ikapiga mluzi, na kwa pembe ya jicho akaona mkono wa mzee ukishika ukingo wa mlango.

"Unaona, Tata? Unaona linavyovuta?"

"Naona," alisema Mzee Yusto. "Lina nguvu."

Hilo neno moja, "nguvu", kutoka kwa baba yake, Projest alilipokea kama cheti.

Walipofika Omurushaka alikuwa mbele ya hesabu yake kwa dakika tatu. Mzee Yusto aligeuza kichwa kutazama upande wa stendi.

"Pale si pana choo? Tungepumzika kidogo."

"Tukisimama hapa, Tata, watu watalizunguka gari. Tutachelewa bure. Isingiro si mbali."

Mzee hakubisha. Hakuwa mtu wa kusema jambo la mwili wake mbele ya dada yake.

Lami ikaisha, changarawe ikaanza, na hapo ndipo springi zilizokatwa zilipoanza kusema. Kila jiwe liliingia kwenye viti likiwa zima. Kokushubira alikikumbatia kibuyu kama mtoto mwenye homa. Walipita Nkwenda vumbi likiwafuata kama moshi wa tanuru la matofali, na mbele kidogo ya hapo baba yake akasema tena, safari hii akiwa amebana magoti na viganja vyote viwili vikiwa juu yake.

"Projest, ungesimama mahali ninyooshe miguu."

"Dakika kumi tu, Tata. Miguu utainyooshea kwa wakwe."

Shangazi alicheka huko nyuma. Mzee Yusto naye akacheka, kicheko kifupi cha mtu anayelipia ukarimu.

Kisha wakakutana na Fuso. Lilikuwa limesheheni ndizi, linatambaa katikati ya barabara, na vumbi lake lilifunga kioo cha mbele kabisa. Projest alipiga honi, likakataa kupisha. Alitazama saa: zile dakika tatu zilikuwa zimeliwa, na nyingine mbili juu yake. Jasho likamtoka. Na hapo, katikati ya mngurumo na vumbi, baba yake alisema neno moja.

"Mwanangu."

Hakulisema kwa sauti kubwa. Lilikuwa na kitu ndani yake ambacho Projest hakuwahi kukisikia kwenye sauti ile, kitu cha kuomba. Alilisikia. Alisikia wazi kama vile injini imezimwa. Mkono wake wa kushoto ukaacha gia, ukaenda kwenye kitufe, ukakiweka juu. Akarudi gia ya pili, akakanyaga mpaka chini.

Gari lilivuta pumzi, likaruka. Walipita ubavuni mwa Fuso magurudumu ya kulia yakiwa kwenye majani, mluzi ukipanda, mawe yakigonga chini ya sakafu kama mvua juu ya mabati. Mbele palikuwa na tuta la udongo ambalo hakuliona. Starlet ililiparamia, ikaelea, ikatua kwa kishindo kilichopanda kutoka kwenye kiti mpaka kwenye meno.

"Yesu wangu!" alipiga kelele Kokushubira.

Mzee Yusto aliondoa viganja magotini, akavilaza juu ya mapaja, vikabaki hapo njia nzima. Hakuomba tena.

Waliingia kwa Mzee Theoneste kwa saa moja na dakika kumi na tatu. Ua ulikuwa umefagiliwa ukabaki na michirizi ya ufagio, viti vimepangwa kivulini kando ya migomba, na wanawake wenye kanga walikuwa wametoka kuwapokea wakipiga vigelegele. Projest, kabla hajazima injini, alitoa simu, akapiga picha ya saa. Ndipo akageuka kumwambia baba yake wamefika.

Mzee Yusto alikuwa anatazama mbele. Mikono yake ilikuwa imefunika mapaja, vidole vimetandazwa, kama mtu anayejaribu kuficha maandishi. Lakini suti ya rangi ya majivu haifichi maji. Doa lilikuwa kubwa kuliko viganja viwili. Lilikuwa jeusi, limeshuka mpaka kwenye goti la kushoto, na ndani ya kigari kile kidogo, vioo vikiwa vimefungwa kwa ajili ya vumbi, harufu haikuhitaji kuulizwa.

Projest alizima injini.

Nje, Mzee Theoneste alikuwa anakaribia, mrefu, mwenye fimbo na koti, uso wake umejaa tabasamu. Nyuma yake walikuwa ndugu, majirani, na mlangoni mwa jiko Uwitonze mwenyewe, akichungulia. Wote walikuwa wanangoja mlango wa mbele ufunguke. Gari lenyewe halikuwa na njia nyingine, maana kiti cha dereva hakikulazika: mzee alipaswa kutoka kwanza, mbele ya macho yote, ndipo shangazi atoke.

"Projest," alisema baba yake polepole, bila kumtazama, "washa gari turudi."

Ni hapo Kokushubira alipoinuka. Kwa jinsi alivyobanwa kule nyuma, hakuweza kusimama. Alijinyanyua nusu, akaegemeza kifua kwenye kiti cha kaka yake. Projest alimwona kwenye kioo akichungulia juu ya bega la mzee, akaona macho yake yakishuka, yakiona, na yakifumba mara moja kama ya mtu anayesali. Kisha aling'oa jani la mgomba mdomoni mwa kibuyu, akakipitisha juu ya bega la kaka yake, akakiinamisha.

Rubisi ya siku tatu ilimwagika yote. Ilianzia tumboni kwenye tai ya kahawia, ikajaa mapajani, ikafurika kwenye kiti, ikatiririka mpaka kwenye viatu. Harufu ya ndizi na mtama vilivyochachuka ikameza kila harufu nyingine.

"Mbwa wewe!" Kokushubira alipiga kelele, sauti ambayo ilifika mpaka kwa jirani wa tatu. "Nilikwambia taratibu! Umemmwagia baba yako rubisi yote! Angalia! Umetuaibisha mbele ya watu, na kigari chako hiki cha wazimu!"

Na akampiga Projest kofi la kisogo, kofi la kweli.

Mlango ukafunguliwa kutoka nje. Wanawake waliacha vigelegele, wakashika midomo, halafu mmoja akacheka, na ua mzima ukacheka, kicheko kizuri cha watu walioona ajali isiyo na maiti. Mzee Theoneste mwenyewe alimpa Mzee Yusto mkono, akamvuta kutoka kwenye kile kiti kilichozama, akimpa pole, akiita maji. Wakamwingiza ndani. Alipotoka alikuwa amevaa suruali ya mwenyeji wake, imekunjwa mara mbili miguuni, na shati la mtu mwingine.

Mazungumzo yalikwenda vizuri. Mzee Yusto alisema siku ile kama alivyosema kila siku, maneno machache, kila moja mahali pake. Projest alikaa kwenye kiti cha mwisho karibu na mlango, kama ilivyompasa bwana harusi, na kila mtu aliyepita alimgusa bega akicheka. Alicheka nao. Shavu lake liliuma kwa kucheka.

Mzee Theoneste akaona ni wakati wa utani. "Mzee mwenzangu," alisema, "mimi nauliza tu. Kijana ambaye hawezi kufikisha kibuyu, binti yangu atamfikisha wapi?"

Watu wakaangua kicheko. Projest alitazama sakafu. Alisikia baba yake akikohoa.

"Msimlaumu mtoto," alisema Mzee Yusto. "Kosa ni langu. Nilichelewa asubuhi nikichagua tai, ndipo nikamwambia akimbize gari. Yeye alitaka kwenda taratibu. Nilimhimiza mimi."

Akasema hivyo akimtazama mwenyeji machoni, mzee wa kanisa ambaye Projest hakuwahi kumsikia akisema uongo hata kwa mtoza michango.

Projest alitoka nje. Alipita nyuma ya nyumba mpaka kwenye migomba, akashika shina moja kwa mikono miwili. Nyuma yake alisikia ndala za shangazi.

"Nitarudi ndani," alimwambia. "Nitamwambia Mzee Theoneste kila kitu, Shangazi. Kwamba ni mimi. Kwamba Tata aliomba…"

"Aliomba nini? Utasema aliomba nini?" Kokushubira alimshika mkono juu ya kiwiko, akambana. "Utakaa mbele ya wakwe useme baba yako alifanya nini kwenye kiti? Ili wewe moyo wako upoe?"

"Siwezi kukaa pale wanacheka."

"Utakaa. Watacheka, na wewe utacheka. Hiyo ndiyo kazi yako leo." Kisha sauti yake ikalegea. "Mimi sikulaumu sana. Najua hukumsikia. Nani angesikia kitu ndani ya lile likelele?"

Projest alitaka kusema, "Nilisikia." Neno lilikuwa pale, mdomoni. Badala yake alitikisa kichwa, kama mtu anayekubali kwamba ndiyo, likelele lilikuwa kubwa. Akaona uso wa shangazi ukitulia. Kati ya yote aliyoyafanya siku ile, hilo ndilo lililokuja kumwamsha baadaye, wiki baada ya wiki.

Jioni waliagwa kwa furaha. Mzee Yusto aliingia ndani ya gari bila kusita, akakalia gunia lililotandikwa juu ya kiti kilicholowa, kwa sababu kukataa kungekuwa kuwaeleza watu kitu. Projest alikiweka kitufe chini. Aliendesha kwa gia ya tatu, mizunguko elfu mbili, taratibu kama anabeba mayai. Kilomita tano tu, akasimama karibu na kichaka.

"Tata, kama unataka kunyoosha miguu."

"Hapana."

Mbele kidogo akasimama tena. Kisha tena karibu na Nkwenda, kwenye kona yenye mikaratusi, pamejificha vizuri. Alikuwa ameshafungua mkanda ili amzungukie kumsaidia.

"Projest!" Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo mzee kupaza sauti. "Utanisimamishia kila kichaka cha Kyerwa? Mimi ni mtoto? Unataka kila mpita njia aulize kwa nini gari limesimama? Endesha."

Akaendesha. Nyuma, Kokushubira alikuwa ametazama dirishani, na kibuyu kitupu kiligongagonga mguu wa kiti.

Ile picha ya saa hakuituma. Hategekimana alipompigia kuuliza, alimwambia kwamba alishindwa, kwamba Fuso lilimzuia, akafika kwa saa mbili kasoro. Hategekimana alicheka siku nzima pale Omurushaka, na Projest alimwacha acheke. Ilimpunguzia kitu kidogo sana, kama mtu anayekuna pembeni ya kidonda. Uwitonze naye alipiga simu, anacheka mpaka anakosa pumzi.

"Baba anakuita Mwagarubisi. Amewaambia majirani wote. Hivi kweli ulimmwagia mzee kibuyu kizima?"

"Kweli."

"Na kofi?"

"Na kofi."

"Maskini." Kicheko chake kikaisha. "Mbona hucheki?"

"Nacheka," alisema Projest.

Jina hilo likaota mizizi. Likatoka Kyerwa likafika Kayanga kabla ya mwezi kwisha. Kila alipoitwa Mwagarubisi aliitika, na kila alipoitika alijua linafunika nini.

Kiti cha mbele alikitoa, akakiosha, akakianika juani siku tatu. Starlet aliipaki kwenye kibanda cha kukobolea kahawa, akaanza kwenda kazini kwa pikipiki za watu. Hakuiuza. Alifikiria kuiuza, ila aliona angekuwa anafanya kama kwamba gari ndilo lililoombwa na kukataa. Kitu kingine alichokiona ni kwamba baba yake alikuwa anaamka sana. Siku hizo alilala nyumbani Kituntu, na asubuhi mapema, kabla ya jogoo na baada yake, alisikia mlango wa uani ukifunguliwa na kufungwa, kufunguliwa na kufungwa. Alijiuliza limeanza lini. Alijiuliza ni mara ngapi alikuwepo nyumbani asisikie.

Jumatatu moja alimfuata shambani. Mzee Yusto alikuwa anapunguza majani makavu ya migomba kwa kisu kirefu, akiyalaza chini kufunika udongo. Projest alimwamkia.

"Shikamoo, Tata."

"Marahaba. Hukwenda kazini?"

"Nitakwenda." Alichukua majani yaliyodondoka, akayasogeza kwenye shina, ili mikono iwe na kazi. "Tata, nataka kuzungumza habari ya siku ile."

Kisu hakikusimama. "Siku ile mambo yalikwenda vizuri. Tumekubaliwa."

"Uliniomba mara tatu."

"Gari lilikuwa na kelele. Kokushubira ameniambia. Hukusikia."

Hapo palikuwa na mlango, umefunguliwa wazi kabisa na mtu aliyekosewa mwenyewe, na Projest angeweza kupita. Baba yake alikuwa amempa mgongo, anangoja apite.

"Nilisikia," alisema.

Kisu kikasimama.

"Nilisikia zote tatu. Ile ya tatu niliisikia kuliko zote. Nilikuwa nimewekeana ubishi na mtu kuhusu muda. Kwa hiyo nikakanyaga." Aliinua uso. "Shangazi nilimdanganya."

Mzee Yusto aliokota jani moja, akalilaza kwenye shina. Alipogeuka, hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi, kwa kuwa uso wake ulikuwa wa mtu aliyepigwa mahali pale pale mara ya pili.

"Mimi nilikuwa nimeshika hilo," alisema. "Kwamba hukusikia. Nilikuwa nimelishika."

"Nisamehe, Tata."

"Sijui." Alitazama ubapa wa kisu, akaufuta utomvu kwenye suruali. "Nitakusamehe, wewe ni mwanangu, nitafanya nini kingine? Ila leo usiniulize. Nenda kazini."

Projest akaenda. Siku tisa baba yake alimjibu salamu na kumkaribisha kwenye chakula, na si zaidi. Siku ya kumi, Jumatano, mzee alikuja mlangoni mwake mapema, amevaa koti, ana mfuko wa karatasi.

"Leo una kazi nyingi?"

"Hapana, Tata."

"Nakwenda hospitali. Wanasema mtu asiende peke yake." Kisha, kabla Projest hajatazama upande wa kibanda cha kahawa: "Tunapanda basi."

Basi lilisimama mara nyingi, na mara moja Mzee Yusto aliteremka, akaingia kwenye choo cha mgahawa mmoja, akarudi, na Projest alimshikia nafasi yake bila kumsindikiza. Hospitali walikaa kwenye benchi mpaka saa tano. Daktari alikuwa kijana, pengine rika moja na Projest, mwenye kalamu mbili mfukoni. Aliuliza jina, umri, kijiji. Akauliza shida ni nini.

Projest alinyanyuka. "Nisubiri nje, Tata?"

Mzee Yusto alimtazama. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama hivyo tangu shambani, kwa muda, kama anampima.

"Kaa," alisema.

Kisha akamgeukia daktari, akaweka mikono juu ya magoti, na kwa sauti ile ile ya kusema mbele ya watu akaanza kueleza: kwamba mkojo ulikuwa unamjia ghafla, kwamba ukija hauna subira, kwamba akifika chooni unatoka kidogo tu kwa maumivu, kwamba kanisani siku hizi alikaa karibu na mlango. Daktari aliandika. Aliuliza imeanza lini.

"Mwaka jana, kabla ya Pasaka."

"Mbona umechelewa kuja, mzee?"

"Nilikuwa naona aibu," alisema Mzee Yusto.

Daktari alitikisa kichwa kama mtu anayelisikia neno hilo kila siku, akasema wazee wengi hupata hali hiyo, kuna vipimo, na dawa zipo. Projest alisikia kwa mbali. Alikuwa anatazama sakafu ya saruji, katikati ya viatu vyake na viatu vya baba yake, na masikio yalikuwa yanamwaka moto. Daktari alipomnyooshea karatasi ya maabara, ilibidi amwite mara mbili.